Nyimbo za utani na mashairi kwa watu wa "Zama za Kati": jibu kwa dada wa Pittsburgh

Swali lenyewe nimelifupisha hivi: "Shikamoo mwalimu. Mi ni mtu wa Tanga, niko Pittsburgh mwaka wa pili sasa. Kuna mama mmoja mzungu kazini kanisikia naimba jikoni akanialika kwenye kambi yao, wanavaa kama watu wa kale, wana wafalme, wanapigana kwa fimbo, na usiku wanashindana nyimbo za utani na mashairi. Babu yangu alikuwa anatunga mashairi, mi mwenyewe natunga kidogo. Sasa wale watu wako siriasi au wanacheza? Nitatungaje kwa Kiingereza? Na nikitumia Kiswahili si ntaonekana mshamba?"

Marahaba mdogo wangu. Nimecheka hapo kwenye mshamba, manake hao watu wanalala kwenye mahema mwezi wa nane na wanajiita masultani wa sijui wapi, sasa mshamba hapo atakuwa nani. Nenda. Mi nimekaa na hao jamaa misimu kumi na moja, nimeshiriki, nimekuwa jaji mara kadhaa, na nimeshindwa mara nyingi zaidi ya nilivyoshinda, kwahiyo ntakujibu kwa kirefu uvumilie.

Hao ni Society for Creative Anachronism, chama cha watu wanaoigiza maisha ya kale, wenyewe wanaita SCA tu. Walianza tarehe 1 Mei 1966 kule Berkeley, California, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba ya mtu, vijana wapenda vitabu wakaandaa sherehe ya mashindano ya mashujaa wa kale, ikanoga, wakarudia, na mpaka leo wameigawa dunia yote kwenye falme kama 20 hivi. Hapo Pittsburgh uko chini ya ufalme unaoitwa Æthelmearc bila wewe kujua, hongera. Mfalme anapatikana kwa kupigana, fimbo za henzirani na chuma mwilini, anakaa miezi kadhaa afu anapokewa na mwingine. Na mkusanyiko wao mkubwa kabisa, Pennsic, uliyoanza 1972, unafanyika karibu na Slippery Rock, kaskazini ya hapo kwenu, si mbali kwa gari, watu kama elfu kumi kambini. Kuna utani wao wa toka zamani kwamba falme mbili zinapigana pale na atakayeshindwa ndo anapewa Pittsburgh. Ukifika ukisema unatokea Pittsburgh utausikia huo utani mara tano kabla ya chakula cha mchana, we cheka tu.

Sasa, siriasi au mchezo? Hapo ndo pana utamu, manake ni vyote viwili na hawaoni shida yoyote. Mtu anaweza kukaa miezi minne anasoma jinsi Wanorwei wa kale walivyopanga mizani, afu anaitumia hiyo mizani yote kumtukana rafiki yake kwamba supu aliyopika ilikuwa maji ya kuoshea buti. We umetoka Tanga, hili halikushangazi. Mtu anapanga beti nane kwa vina vya kati na vya mwisho ili amwambie mwenzie tu kwamba anakoroma. Ni kitu kilekile. Utani wao una sheria, na sheria zenyewe nyingi unazo tayari, ntakuonyesha.

Kuna sehemu mbili utakazokutana na nyimbo. Ya kwanza ni motoni usiku, watu wamekaa duara, zamu inazunguka, na desturi ikikufikia una njia tatu: unaimba, unapisha, au unamchagua mtu na kumwomba aimbe anachokijua. Usiku wa kwanza chagua ya tatu, omba mtu akuimbie wimbo wa kuchekesha, sikiliza, ona watu wanacheka wapi na wananyamaza wapi. Sehemu ya pili ni mashindano yenyewe, mchana au jioni, yenye majaji, na mshindi wa ngazi ya ufalme anakuwa bardi, yaani malenga, wa mfalme kwa muda, mara nyingi mwaka, kazi yake ni kuimba karamuni na kuwasifu watu. Vigezo vinatofautiana sehemu na sehemu ila kwa kawaida wanaangalia utunzi, uwasilishaji, na kama kitu chako kina mizizi kwenye zama zao, yaani kabla ya 1600. Hapo kwenye mizizi ndo wengi wanajikwaa.

Tuanze na nyimbo za utani. Kubwa kuliko zote pale ni kuchukua mahadhi ya wimbo unaojulikana na kupachika maneno yako mapya ya kuchekesha. Wanaiita filki, neno lililotokana na mtu kukosea kuchapa "folk", yaani nyimbo za asili kwa Kiingereza, miaka ya 1950 huko kwa wapenda hadithi za sayansi, kosa likawapendeza wakalibakiza jina. Wazee wengine kambini wanaikunjia sura filki, wanasema ni rahisi mno, sio ya kale. Usiwaogope, manake hao wazee wako upande mbaya wa historia yao wenyewe. Kupachika maneno kwenye mahadhi ya mwingine ni kazi ya kale kabisa na ina jina la heshima, kontrafaktumu. Kuna wimbo maarufu wa Kiingereza wa kushangilia kiangazi, umeandikwa kwenye hati ya abasia ya Reading karne ya 13, ng'ombe wanalia, ndege kekeu anaimba, na kwenye hati ileile, chini ya nota zilezile, wameandika maneno ya Kilatini ya kumlilia Kristo. Mahadhi yaleyale. Na kinyume chake kipo pia na ndo ninachokipenda mimi: kwenye Carmina Burana, mkusanyo wa nyimbo wa karne ya 13 uliopatikana kwenye monasteri ya Benediktbeuern 1803, kuna wimbo wa mlafi anayesema tumbo ndo mungu wake na jiko ndo hekalu, na unaimbwa kwa mahadhi ya wimbo mzito wa mtu aliyefika Nchi Takatifu, wa mshairi wa Kijerumani Walther von der Vogelweide. Yaani mtu alichukua wimbo wa dini watu wanaulilia machozi akaufanya wimbo wa kitambi, miaka mia nane iliyopita. Sasa mtu akikwambia filki sio ya kale mwambie habari ya huyo mlafi.

Na sisi je? Taarabu ngapi zimekaa juu ya mahadhi ya sinema za Kihindi bana. Hata shairi lenyewe mtu anatunga akiwa na sauti fulani kichwani. Kwahiyo ujuzi unao, kinachobaki ni kuchagua mahadhi. Hapa ushauri wangu ni mmoja tu, chukua mahadhi wanayoyajua wao yenye umri, kwa mfano Greensleeves ambayo iliandikishwa London 1580 kwahiyo inapita kwenye mlango kwa kubanana, badala ya wimbo wa redioni wa juzi. Wimbo wa redioni motoni utachekesha, sikatai, ila kwenye mashindano utakukata maksi. Na weka kiitikio. Kiitikio kifupi, maneno sita saba, watu waweze kukishika mara ya pili. Nimeona tungo dhaifu kabisa zikishinda kwa sababu duara zima lilikuwa linaitikia, na nimeona kazi nzuri ya beti ishirini bila kiitikio ikifia njiani watu wanaanza kutafuta viatu vyao.

Mipasho sasa. Hii mdogo wangu ndo ya kwako. Waskoti na Wanorwei wa kale walikuwa na mashindano ya kutukanana kwa ushairi, Waskoti wanaita flaiting, na mfano unaotajwa sana ni wa William Dunbar na Walter Kennedy, karibu na 1500, enzi za mfalme James wa nne, washairi wawili wanavuana nguo kwa vina na maneno yanayoanza kwa sauti moja, matusi mengine siwezi kuyaandika hapa. SCA wanalipenda sana hili. Watu wawili wanasimama, kila mmoja zamu yake, watazamaji ndo majaji kwa vicheko. Sasa we uliyekulia kwenye nchi iliyosikia waimbaji wa taarabu Khadija Kopa na Nasma Khamis wanavyorushiana miaka ya 90, kundi la TOT huku na la Muungano kule, utawaogopaje hao?

Ila kuna mpaka, na mpaka wake ni uleule wa watani. Msukuma anamwambia Mzaramo maneno msibani ambayo mtu mwingine angekula ngumi, kwa nini, kwa sababu wote wanajua kinachopigwa ni utani na mtu mwenyewe haguswi. Pale kila mmoja ana mhusika wake, jina lake la kambini, labda mke wa mfanyabiashara wa Venisi au mpiga upinde wa Wales. Mpige mhusika. Pigia upanga wake, hema lake, farasi wake asiyekuwepo, jinsi alivyoanguka vitani asubuhi ile watu wote wakiona. Usiguse mwili wake, ndoa yake, kazi yake ya kweli. Mimi msimu wangu wa pili niligusa kitu cha kweli bila kujua, nilitania tumbo la jamaa mmoja kumbe ni ugonjwa, duara lote kimya, moto tu unasikika ukilia. Nilienda kumwomba radhi asubuhi na mkate. Tangu hapo nauliza kwanza.

Mfano basi nikutungie, tuseme unampiga mpiganaji aliyejisifu asubuhi:

Ulikuja na mikogo, kofia ya chuma ngumu,
Ukasema we ni mbogo, leo utamwaga damu,
Ukapewa fimbo ndogo, ukawaita kaumu,
Ewe simba wa mdomo, rudi jikoni kwa zamu.

Na yeye akiwa anajua kazi atakujibu kwa vina vyako mwenyewe:

Nilianguka kwa gogo, si kwa fimbo, ufahamu,
Nawe ulipiga zogo, na silaha ni kalamu,
Uliona kwa kisogo, vita vikali vigumu,
Nawe malenga wa domo, jikoni twende kwa zamu.

Umeona alivyokugeuzia jiko? Na hiyo ya kuona vita kwa kisogo maana yake ulikuwa unakimbia. Kujibu kwa vina vya aliyekuanza, hilo wao wanalishangaa sana ukiwaelezea, japokuwa trubaduri, washairi waimbaji wa zamani wa kusini mwa Ufaransa, nao walikuwa hivyohivyo, kwenye mabishano yao mmoja anatoa swali, kwa mfano kipi bora, mpenzi mwenye akili au mwenye sura, anamwachia mwenzie achague upande afu yeye analazimika kutetea uliobaki, na mjibuji anafuata umbo la beti la mwanzo. Ukipata mwenzio kambini jaribuni hiyo, inachekesha zaidi pale mtu anapolazimika kutetea upuuzi.

Haya, Kiingereza. Hapa usidanganyike. We unahesabu mizani, nane kwa nane, na Kiswahili kinakubali kwa sababu kila silabi inasimama sawasawa na vina vyetu vinaishia na irabu, rahisi kupatikana. Kiingereza kinaenda kwa mapigo, silabi nyingine nzito nyingine zinamezwa, kwahiyo unaweza ukahesabu nane safi kabisa na ikasikika kama gari bovu. Na vina vyake ni vichache, utaishia kulazimisha. Mi nakushauri uanze na ushairi wa Waingereza wa kale kabisa, ambao hauna vina vya mwisho. Mstari una mapigo manne na katikati una pumziko, na maneno mazito mawili au matatu yanaanza kwa sauti moja, basi. Gonga meza, tunga huku unagonga, meza ikikubali mstari umekubali. Unanoga sana kwa kutania kwa sababu una mlio mzito wa kishujaa, na ukiutumia kumsifia mtu aliyechoma mkate, watu wanaanguka.

Ukitaka kukazana zaidi nenda kwa Wanorwei, washairi wao wanaitwa skaldi, na mtindo wao mgumu kabisa unataka mizani sita kwa mstari, mistari minane. Hesabu unayo. Wao na hao Waingereza wa kale hawasemi bahari, wanasema njia ya nyangumi, meli ni farasi wa mawimbi, mafumbo ambayo babu yako angeyaelewa bila kuelezwa. Na kuna kisa chao ambacho lazima uwe nacho mfukoni. Saga, yaani masimulizi yao ya kale, inasema Egil, mshairi wa Iceland na mkorofi haswa, aliangukia mikononi mwa mfalme Eirik aliyekuwa anamtafuta amuue, kule York, Uingereza. Rafiki yake Arinbjörn akamwambia tunga usiku huu beti ishirini za kumsifu. Egil akakaa darini akashindwa, kuna mbayuwayu kakaa dirishani anapiga kelele usiku kucha, ikabidi rafiki apande juu ya paa kumfukuza. Asubuhi shairi likawa tayari, akalighani mbele ya mfalme, akaachiwa kichwa chake. Na shairi lile, tofauti na mengi ya kwao, lilikuwa na vina vya mwisho! Mi kila nikifikiria hapo naona ni Mswahili yule kapotea njia.

Vitu vya kuepuka kwenye mashindano, haraka haraka: limeriki, kale kashairi ka Kiingereza ka mistari mitano, watu wanaipenda kwa utani lakini ni ya juzi, haina nafasi kabla ya 1600. Haiku, shairi fupi la Kijapani, vilevile, ya mshairi Bashō ni karne ya 17, ukitaka Japani chukua tanka, fupi pia ila ya kale zaidi. Vilaneli, shairi la mistari 19 linalorudiarudia mistari, kila mtu anadhani ni ya kale kwa sababu jina lake la Kifaransa, lakini umbo lile lililofungwa ni la baadaye. Soneti, ile ya mistari 14, iko salama.

Wataomba na karatasi ya maelezo. Usiogope hilo neno, ni ukurasa mmoja, unaeleza umetumia mtindo gani, wa wapi, wa lini, na wapi umeenda tofauti na kwa nini. Ukisema kweli kwamba hapa nimeacha sheria kwa sababu Kiingereza kimenishinda, jaji atakuheshimu kuliko ukificha. Mi nikiwa jaji nasoma hiyo sehemu kwanza.

Na wakati wa kuandika kumbuka kwamba hata mashindano yenyewe ni ya kale. Wales, 1176, bwana Rhys aliita watunzi na wapiga muziki kwenye ngome yake ya Cardigan, akitangaza mwaka mzima kabla, zawadi viti viwili, kimoja cha ushairi kimoja cha muziki. Toulouse, Ufaransa, watu saba walianzisha chama chao 1323, na tarehe 3 Mei 1324 mshindi wa kwanza, Arnaut Vidal, akachukua ua la dhahabu kwa shairi la kumsifu Bikira Maria, baadaye wakaandika kitabu kizima cha sheria. Nuremberg, Ujerumani, ndo kiboko, mafundi wa kawaida, washonaji viatu kama Hans Sachs aliyeacha nyimbo zaidi ya elfu nne, wanaimba huku majaji wamejitenga wanahesabu makosa moja baada ya jingine, ukizidisha umeanguka. Na kule Blois, Ufaransa, kwa mtemi Charles wa Orléans, walipeana mstari mmoja wa kuanzia, "nafa kwa kiu kando ya chemchemi", kila mshairi aendeleze, na mmoja wao alikuwa François Villon, mwizi na mshairi. Huo mchezo wa Blois waombe mcheze motoni, mstari mmoja kwa wote, hauna gharama.

Sasa Kiswahili. Tumia, ila usiseme uongo. SCA siku hizi wanapokea watu wa pande zote za dunia alimradi ni kabla ya 1600, na Kilwa ilikuwepo, msafiri Ibn Battuta alipita pale 1331 akamsifia sultani wake kwa ukarimu, kwahiyo mhusika wako anaweza kuwa binti wa mfanyabiashara wa Kilwa aliyefuata meli, hakuna atakayepinga. Shida ni ushairi wenyewe. Tungo zetu za kale, Hamziya inatajwa kuwa ya 1652, Tambuka hati yake ni 1728, zote zimechelewa. Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani, tunamsimulia kuwa wa zamani sana, lakini nyimbo zake zimetufikia kwa midomo na kwa hati za baadaye. Muyaka, malenga wa Mombasa, usimguse kabisa, huyo ni karne ya 19. Kwahiyo andika kwenye karatasi yako kwamba hili ni shairi kwa kanuni za pwani kama tulivyozirithi, na kwamba hati za kabla ya 1600 hatunazo. Wataheshimu. Motoni wala hauhitaji karatasi.

Ukighani kwa Kiswahili usianze na tafsiri ndefu, hiyo inaua. Sema sentensi mbili tu kwa Kiingereza, nani anatukanwa na kwa nini, wafundishe kiitikio cha Kiswahili neno kwa neno mara mbili, afu ghani kwa sauti ya kwenu kabisa, ile ya babu. Hawataelewa maneno lakini watasikia vina vikigonga palepale kila mstari, na anayetukanwa atajijua kwa jinsi unavyomwangalia.

Mwisho vitu vidogo. Kariri, usisome kwenye simu, mwanga wa simu pale unachukiza watu kweli. Hamna maiki, kwahiyo vuta pumzi tumboni, elekea upande ambao moto hauko. Dakika tatu nne zinatosha. Nguo mama wa kazini atakuazima, lakini kanga mbili na gauni refu hazitakutupa. Baada ya saa sita usiku nyimbo zinachafuka, ukiona hupendi nyanyuka tu ukalale, hamna atakayekushangaa. Na beba kiti chako cha kukunja na blanketi, manake Pennsylvania usiku wa Agosti kuna umande utadhani mvua, mi mwaka wa kwanza nilikaa kwenye nyasi nikaghani kwa meno yanagongana wakadhani ni mtindo.